Sala ya Kimya katika Wodi ya Wanawake

Siku niliyoripoti hospitalini kwa mara ya kwanza nilivaa kola nyeupe iliyokuwa bado ngumu kwa upya, nikabeba Biblia kubwa na kitabu cha nyimbo, nikasimama mbele ya ofisi ya Muuguzi Mkuu kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Ilikuwa Mbeya, asubuhi ya mvua nyembamba, ile inayoweza kukaa wiki nzima bila kuchoka, na viatu vyangu vilijaa matope ya Iyunga nilikopanga chumba. Muuguzi Mkuu alikuwa mama mrefu wa Kisafwa mwenye sauti ndogo. Alinitazama toka juu hadi chini, akasema, "Karibu Mchungaji. Futa viatu kwanza. Halafu nitakuonyesha pa kunawia mikono. Mambo ya Mungu tutayafikia."

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mmesomea. Sisi wakati wetu tuliokotwa tu. Kanisa lilitaka mchungaji wa hospitali, yaani mtu wa kuwahudumia wagonjwa na ndugu zao kiroho, si kuwahubiria, na Mkuu wa Jimbo akaona mimi Atupele nafaa kwa sababu sikuogopa damu. Mafunzo yangu yalikuwa yale aliyonipa Muuguzi Mkuu huku akitembea. Kabla ya kuingia wodini, muulize muuguzi wa zamu nani katoka chumba cha upasuaji na nani hatakiwi kusogelewa. Usikae juu ya kitanda cha mgonjwa. Usiguse dripu hata kama imeisha, ita muuguzi. Na kanuni moja aliitaja akiwa amesimama, ili nijue ni kubwa kuliko nyingine.

"Utakachoambiwa kitandani, kiache kitandani," alisema. "Usikipeleke kwa daktari kama mgonjwa hakutaka, wala kwa Mkuu wako wa Jimbo. Na la mke usimpelekee mume."

Tuliiita siri ya kitandani. Nilidhani ni kanuni nyepesi kuliko zote.

Kazi yenyewe tuliifanya hivi. Unafika, unasalimia, unauliza jina na nyumbani, unasoma mistari michache, unaomba. Chuo cha uchungaji kilitufundisha kwamba maombi yana mpangilio: sifa, toba, shukrani, kisha haja. Mimi nilijaliwa maneno. Nikiomba kwenye kitanda cha kwanza, mgonjwa wa cha nne alikuwa anaitikia amina. Hata wafugaji waliotoka mabonde ya Usangu kuuguza watu wao, wengi wao wasio wa kanisa lolote, walikuwa wananivuta mkono: "Mchungaji, pita na kwetu." Nilikwenda. Nilizunguka wodi asubuhi na alasiri, mwaka baada ya mwaka, na jioni nilirudi Iyunga koo limekauka.

Siku maneno yaliponiishia haikuwa siku ya ajabu. Mama mmoja wa milimani alikuwa amempoteza mtoto asubuhi ile. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, kanga ya kumbebea mtoto bado iko begani. Akaniambia kwa utaratibu kabisa, "Mchungaji, niombee." Nikafumba macho, nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Si kwamba nililia. Machozi pia hayakuwepo. Nilisimama hivyo mpaka muuguzi mmoja aliyekuwa anapita na trei ya dawa akaiweka chini, akaanza yeye, "Baba yetu uliye mbinguni," na yule mama akafuata.

Nilikwenda kusimama nyuma ya chumba cha kufulia. Mashuka yalikuwa yameanikwa, yananyeshewa, hakuna aliyekuja kuyaanua. Tangu siku hiyo, hata nyumbani nikipiga magoti maneno yalikuwa kama ugali wa jana: unatafuna, unatafuna, haumezeki. Kazini nilisoma sala za kitabuni. Wagonjwa hawakugundua, au waligundua wakanihurumia.

Nikaenda kwa Mkuu wa Jimbo kumwomba aniondoe. Alikuwa mzee mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo asilolipenda. Safari hii hakuivua.

"Unataka kuacha kazi kwa sababu huwezi kuomba?"

"Ndiyo, Baba Mkuu."

"Na ukiacha kazi, ndipo utaweza?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Nenda Iringa," akasema. "Kuna sista mmoja wa Kikatoliki ana nyumba ya mafungo, barabara ya kuelekea Tosamaganga. Anafundisha watu kukaa kimya mbele za Mungu. Mimi mwenyewe nilikwenda, mwaka niliofiwa." Akatazama mlango kuona kama umefungwa. "Wazee wa kanisa usiwaambie kwamba nilikwenda."

Nilifika Iringa katika miezi ya baridi. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, ya matofali ya kuchoma, ina bustani ya kabichi mbele na kikanisa nyuma. Mafungo, kwa wasiojua, ni siku ambazo mtu anajitenga na shughuli zake ili asali, na anayemwongoza huitwa mwongozi wa kiroho. Mwongozi wangu nilimkuta bustanini, amevaa mabuti ya mpira na sweta la kiume juu ya nguo yake ya kitawa. Alikuwa Sista Benigna, Mhehe wa hapohapo.

"Kamwene," alinisalimia, akinishika mkono na udongo wake. "Wewe ndiye mchungaji wa Mbeya. Haya, unajua nini?"

"Najua kuomba, Sista. Ila siku hizi nimekwama."

"Hilo la kujua tutalishughulikia," akasema.

Alikuwa na ulimi mkali, lakini hakuwa mkatili. Jioni ya kwanza tulipukuchua maharage barazani, na hapo ndipo aliponipa somo la kwanza. Akasema watu wa sala wa zamani, wale waliokwenda kukaa jangwani na wale waliowafuata katika monasteri, waliziona sala za namna tatu. Kuna sala ya sauti, hiyo ya maneno, ambayo hakuna anayeivuka akaiacha. Kuna tafakari, ambapo akili inalishika Neno na kulifanyia kazi. Na kuna taamuli, ambapo akili inatulia na mtu anabaki tu mbele za Mungu, akimpenda na kukubali kupendwa.

"Ukienda kumtembelea mama yako," akaniuliza, "unaanzaje?"

"Namwamkia."

"Halafu?"

"Tunapeana habari. Za ndugu, za shamba, nani kaumwa."

"Na habari zikiisha?"

Nikafikiri. "Tunafanya kazi. Kama hivi. Tunapukuchua."

"Mmenyamaza?"

"Mara nyingi."

"Na mama yako anaona umeshaondoka?"

Tukaendelea kupukuchua mpaka bakuli likajaa.

Asubuhi nilikuwa nakaa kikanisani. Njia aliyonifundisha ni ya kale na ina hatua nne, ingawa alinikataza kuzihesabu. Unasoma kifungu kifupi, polepole, kwa midomo, mpaka neno moja likushike. Unasimama hapo unalicheua, kama ng'ombe anavyorudisha majani mdomoni akayatafuna upya. Kisha unamjibu Mungu chochote kilicho moyoni, hata kama ni lawama. Kisha unanyamaza. Katika kunyamaza unachagua neno moja dogo la kukurudisha pale akili inapotoroka. Mimi nilichagua "Baba." Mawazo yakija, alisema, usiyafukuze wala usiyakaribishe chai. Rudi kwenye neno lako, taratibu, bila kujikaripia.

Kusema ni rahisi. Nilisinzia. Niliwaza wodi, niliwaza soli ya kiatu, niliwaza kwa nini Wakatoliki hawaweki mito kwenye viti vyao. Baridi ya Iringa ilinipanda kutoka sakafuni hadi magotini. Asubuhi moja, bila kutazamia, nilijisikia kama nimefunikwa blanketi lenye joto, nikakaa katika utamu ule sijui muda gani. Nilitoka mbio kwenda bustanini.

Sista Benigna alinisikiliza akiwa ameinama. "Hiyo tunaiita faraja," akasema. "Vizuri. Mshukuru Mungu. Kesho usiitafute."

Kesho yake niliitafuta, na haikuwepo. Wala siku zilizofuata. Kilichokuwepo kiliitwa ukavu, na akaniambia kwamba huo ndio utakuwa chakula changu cha kawaida, niuzoee. Nikakasirika. Nikamuuliza, "Sasa nitajuaje kama nasali au nimekaa bure?"

"Hapa hutajua. Utajua ukirudi wodini. Ukiwa mkali kwa wagonjwa, ujue ulikuwa umelala. Ukiwa mpole zaidi kuliko ulivyokuja, labda ulikuwa unasali." Akang'oa gugu, akalitazama mizizi. "Nimesema labda."

Lililotokea karibu na mwisho wa mafungo sikulitarajia. Nilikuwa nimekaa alasiri, mkavu kama siku zote, na akaja yule mama wa koridoni na kanga yake. Nikarudi kwenye neno langu. Akaja mzee wa Usangu aliyefia mikononi mwangu akitaja majina ya ng'ombe wake. Akaja binti wa shule ya sekondari. Wakaja wengi, nyuso tu, watu wote niliowaombea wapone wakafa, na ambao baada ya kuwaombea nilinawa mikono nikaenda kitanda kinachofuata. Hapo ndipo nilipolia, kilio cha kuchafua uso. Sista alisikia akaja akakaa kando yangu. Hakunishika. Baada ya muda mrefu akasema kwa sauti ya chini, "Usitafute cha kuwasemea. Waache wapite mbele za Bwana, mmoja mmoja. Anawajua."

Nilirudi Mbeya bila maneno mapya. Nilirudi na swali tu. Tangu hapo, nikishasalimia, nilimuuliza mgonjwa: "Nikuombee kwa sauti, au nikae nawe kidogo?" Wengi walitaka sauti, na nilishangaa kukuta sauti imerudi, fupi zaidi, na haikunichosha. Wachache walitaka nikae. Basi nilivuta kiti mpaka uso wangu ulingane na wa mgonjwa, kwa maana ukisimama unamwamuru hata kama hujasema kitu. Nilifungua viganja mapajani, nikapumua kwa mwendo wake yeye, nikalishika neno langu. Saa ya mkononi niliivua, nikaiacha mfukoni. Muuguzi Mkuu aliniona mara ya kwanza akapita. Mara ya pili alinivutia pazia.

Katika miaka hiyo akaletwa Bibi Subilaga. Alikuwa mwimbaji wa kwaya yetu, sauti ya pili, mke wa Mzee Asajile ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa viazi huko juu Uyole. Ilikuwa saratani ya tumbo, na ilikuwa imekwenda mbali. Kila alasiri, saa ya kuona wagonjwa, Mzee Asajile aliingia na chupa ya uji na koti lake la Jumapili, akaiweka chupa mezani, akamshika mkewe mkono, akaomba. Aliomba kwa nguvu zote za mtu aliyekaa na mwanamke mmoja tangu ujana. Alimkumbusha Mungu ahadi zake, alikemea ugonjwa, alishukuru kwa uponyaji kana kwamba umeshafika. Bibi Subilaga alimbana mkono na kuitikia amina yenye nguvu. Alipotoka, mama wa watu alianguka kwenye mto, jasho linamtoka.

Siku moja nilimuuliza swali langu la kawaida.

"Kaa," akasema. "Usiseme kitu, mwanangu. Kaa tu."

Nikakaa. Baadaye akasema, macho yamefumbwa, "Mume wangu anaomba nipone. Mimi siponi, najua. Sasa akiomba najikaza, nimwonyeshe naamini, asije akaona nimemwacha peke yake. Inanichosha kuliko ugonjwa. Kwako nataka nipumzike."

"Nikusaidie kumwambia?"

Akafumbua macho haraka. "Hapana. Usimwambie kamwe. Atajiona alikuwa ananitesa. Nimekuambia wewe, basi."

Nikaahidi. Ikawa hivyo siku baada ya siku: mume alasiri na maombi yake, mimi kabla ya hapo na kimya changu. Sikuona kama kimoja kilipingana na kingine. Mzee Asajile alikuwa akisali kwa jinsi alivyompenda.

Siku alipofariki, hali ilibadilika ghafla mchana. Muuguzi aliniita. Nilikaa, nikamshika mkono, nikapumua naye, pumzi zikawa zinaachana mbali. Mzee Asajile alifika saa yake ileile, akasukuma pazia, akanikuta nimefumba macho na kinywa kimefungwa. Aliita jina la mkewe. Bibi Subilaga alivuta pumzi moja zaidi, na haikufuatiwa na nyingine.

Chupa ya uji ilikuwa bado mkononi mwa Mzee Asajile. "Ulikuwa unafanya nini?" aliniuliza. "Mchungaji, mbona ulikuwa hufanyi kitu?"

Baada ya mazishi niliitwa mbele ya baraza la wazee. Mkuu wa Jimbo alikaa katikati. Mzee mmoja alisema amesikia kwamba huko Iringa nilifundishwa kuondoa mawazo yote kichwani kama wanavyofanya watu wa dini za mbali, na kichwa kikiwa kitupu chochote kinaingia. Nilimjibu kwa heshima kwamba mimi siondoi, nangoja. Na kwamba ninayemngoja ana jina, naye ni yuleyule tunayemwimbia Jumapili. Alionekana kuridhika nusu.

Kisha akasimama Mzee Asajile. Laiti angepiga kelele. Alizungumza polepole, kola ya shati lake imekunjwa upande mmoja, hakuna wa kumwekea sawa.

"Mke wangu ameimba katika kanisa hili tangu msichana," alisema. "Amekufa kama mtu asiye na kanisa. Hakusikia wimbo. Hakusikia hata Baba Yetu. Mimi sitaki mchungaji afukuzwe. Nataka anieleze tu. Je, Subilaga alikukataza kumwombea?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa neno moja, ndiyo, na lingemaliza kikao. Lakini baada ya ndiyo kungekuja kwa nini, na nyuma ya kwa nini kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angelibeba hilo mpaka kaburini. Nilimwangalia pale aliposimama. Nikasema, "Mzee wangu, nilimhudumia Bibi Subilaga kwa namna aliyoihitaji. Zaidi ya hapo ni siri ya kitandani."

"Mimi ni mumewe."

"Najua, Mzee."

Akaketi.

Mkuu wa Jimbo aliniita ofisini wiki iliyofuata. Safari hii miwani aliivua. Akaniambia ameona afadhali aniazimishe kwa wenzetu wa Mafinga, wana hospitali ndogo haina mchungaji, mpaka mambo yatulie. "Jibu la swali lake unalo?" akauliza.

"Ninalo."

"Basi sitakuuliza." Akaivaa miwani tena. "Chukua makoti mazito."

Mafinga ni mji wa mbao. Asubuhi kila kitu kinanukia msonobari, na malori yaliyobeba magogo kutoka msitu wa Sao Hill yanatetemesha vioo vya wodi. Wagonjwa wangu walikuwa watu wa mashine za kupasulia mbao waliopoteza vidole, na madereva waliopinduka kwenye ukungu. Kazi nilifanya vizuri. Ila kwenye sala nilikuwa na uchungu kama nyongo. Kila asubuhi nilipokaa, baraza lote lilikuja likakaa nami, nami nikalihutubia. Hotuba zilikuwa nzuri sana. Nilishinda kila siku, na kila siku niliinuka nimechoka.

Nilimpigia simu Sista Benigna, nikitumaini atanitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Mzee Asajile unampeleka mbele za Bwana?" akauliza.

"Anakuja mwenyewe, Sista. Simwiti."

"Basi akija mwekee kiti. Usimhubirie. Usijitetee. Kaa naye hapo kama ulivyokaa na mkewe."

Nilifanya hivyo kwa kinyongo kwanza. Sikujisikia lolote. Ila baada ya miezi kadhaa hotuba zilianza kufupika, na asubuhi moja nilijikuta namwonea huruma kwa ile kola yake.

Hapo Mafinga, mafundi seremala walinitengenezea mabenchi kutoka mabaki ya mbao, nikaanzisha sala ya kimya kila Alhamisi jioni katika chumba kilicho kando ya kanisa la hospitali. Hatukuwa wengi. Muuguzi mmoja, mjane mmoja, mpasua mbao mmoja ambaye alisema huko kazini masikio yake hayapumziki. Tulisoma mistari michache, tukakaa, tukamaliza kwa wimbo.

Alhamisi moja ya baridi mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Asajile.

"Shikamoo Mzee," nikasema, nikiwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi.

"Marahaba." Alikuwa amepungua mwili. Alieleza mbele ya watu wote kwamba binti yake ameolewa Mafinga, amemleta akae naye kwa kuwa nyumba ya Uyole imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. "Nimesikia mnafanya jambo lenu hapa. Nimekuja kulichunguza."

"Karibu, kaa."

Akakaa karibu na mlango, koti hakulivua. Alichunguza Alhamisi ile na nyingine kadhaa, macho wazi, mikono kifuani. Kisha nikaona siku moja mikono imeshuka. Kisha macho yakafumbwa. Hakuniuliza lolote isipokuwa siku moja, akitoka: "Hilo neno la kurudia, lazima liwe la Biblia?" Nikamwambia liwe neno lolote linalompeleka kwa Mungu. Akaitikia kwa kichwa akaenda.

Masika yalikuwa yameanza siku alipobaki nyuma. Wenzake walikwisha kuondoka, nami nilikuwa napanga mabenchi. Akasema, "Acha kwanza, Mchungaji."

Nikakaa.

"Nikikaa hapa mkono wake unakuja," akasema. "Kila mara. Mkono tu. Nilipokuwa namwombea alinibana sana, nami nikasema moyoni, tazama imani ya mwanamke huyu. Nikaongeza sauti. Sasa nikiwa nimenyamaza naona kitu ambacho wakati ule sikukiona. Nikimaliza, mkono ulikuwa unalegea wote. Kama mtu aliyetua mzigo." Alikohoa kidogo. "Alikuwa ananibeba. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa, na yeye mgonjwa ndiye alikuwa ananibeba."

Akafunga kifungo cha koti lake.

"Ningekuuliza tena leo, ungenijibu?"

"Nisingekujibu, Mzee wangu."

"Alikuambia usinijibu."

Nikanyamaza. Akanitazama, na nadhani alisoma alichotaka kusoma, kwa maana alisema, "Ndaga," ile asante yetu ya Kinyakyusa ambayo pia ni pole, kisha akaanza kulia, mtu mzima, bila kujificha uso.

Nilivuta benchi nikakaa kando yake. Na hapo nikakumbuka kwamba kuna jambo moja naweza kumpa. Lilikuwa halijafichwa na mtu.

"Mzee, hili si siri," nikasema. "Wodi nzima ililijua, muulize muuguzi yeyote. Kila siku, kabla ya saa ya kuona wagonjwa, Bibi Subilaga alikuwa anaomba achanwe nywele na apakwe mafuta usoni. Hata siku ambazo hakuweza kunyanyua kichwa. Alikuwa anawauliza, 'Saa imefika? Asajile anakuja.' Kwa daktari hakufanya hivyo, na kwangu hakufanya hivyo."

Nje lori lilipita na magogo yake, vioo vikatetemeka, vikatulia.

"Hata siku ile?" akauliza.

"Hata siku ile. Nywele zake zilikuwa zimechanwa. Hukuona?"

"Sikuona," akasema. "Nilikuwa nakuangalia wewe."

Kisha akaniomba tumsomee mkewe Baba Yetu, kwa sauti. Tulisoma pamoja, yeye akitangulia, polepole kuliko nilivyowahi kumsikia, kila neno akiliweka chini kabla ya kuchukua jingine. Alipofika "mapenzi yako yatimizwe" alisimama. Nilimngoja. Akaendelea.

Mzee Asajile aliendelea kuja Alhamisi mpaka miguu ilipomkatalia. Mkuu wa Jimbo aliponiita nirudi Mbeya nilimwomba aniache Mafinga, na nilibaki huko mpaka nikastaafu. Siku ya kuniaga walinipa mbuzi na blanketi, na Mganga Mfawidhi alitoa hotuba ambayo ilinipa sifa ya mambo mengi ambayo yalifanywa na wauguzi.

Sasa nakaa Iyunga tena, katika nyumba yangu. Vijana wachungaji wa hospitali huja kunitembelea, nao huniuliza mbinu. Nawaambia yale ya kiti na ya saa mfukoni. Nawaambia wajifunze sala ya sauti vizuri kwanza, kwa sababu wagonjwa wengi wataitaka hiyo, na ni haki yao. Nawaambia wasimfundishe mgonjwa kimya ambacho hakukiomba. Wakiniuliza kama katika miaka yote hii nimewahi kuona maono au kusikia sauti, nawajibu kweli: hapana. Ile faraja ya blanketi nilipata mara chache sana, sikujua inakujaje wala inaondokaje. Kilichobaki ni kukaa.

Asubuhi ya leo nilikaa kama kawaida. Akili ilikwenda sokoni, nikairudisha. Ikaenda kwa mwanangu aliyeko Dodoma, nikairudisha. Ikaenda kwenye goti linaloniuma, ikakaa huko. Hakuna kilichotokea. Niliinuka, nikawasha jiko, na kabla maji hayajachemka akabisha hodi jirani yangu, ambaye mwanawe alikwenda migodini na hajapiga simu tangu aondoke. Alikuja kunieleza jinsi kijana huyo alivyoondoka, koti alilovaa, alichosema mlangoni. Ni habari ambayo amenieleza mara nyingi. Nilimvutia kiti, nikaepua sufuria, nikamsikiliza tangu mwanzo.